Mwaka wa Filamu Huanza Oktoba

Lukuledi, kwenye barabara itokayo Masasi kwenda Nachingwea, mwaka wa filamu hauanzi Januari. Huanza Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa na watu wakapata fedha ya kiingilio. Kuanzia hapo banda la video hujaa kila jioni. Ikifika Machi fedha zimekwisha, mvua inanyesha, na mwenye banda anarudia filamu zilezile kwa watoto wanaoingia kwa mkopo. Orodha za filamu bora ambazo dunia hutoa kila Desemba zimepangwa kwa kalenda nyingine kabisa.

Nataka kupanga orodha ya mwaka mmoja kwa kalenda ya kwetu. Mwaka wenyewe ulianza na msimu wa korosho wa 2017, ambao bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, ukaisha na msimu wa 2018, ambao wengi hawakuona fedha hadi mwaka uliofuata. Nimeuchagua kwa sababu nilikuwepo. Nilimaliza kidato cha sita Mei 2018 na kukaa nyumbani hadi chuo kilipofunguliwa mwanzoni mwa Novemba. Sasa nasoma shahada ya umahiri ya historia, na kila nikisoma kuhusu sinema Afrika Mashariki naona kitu kimoja kinakosekana, nacho ndicho nilichokisikia kila jioni mwaka ule.

Nasema nilichokisikia kwa maana yake halisi. Banda letu lilikuwa la mabati na maturubai, mabenchi saba, televisheni moja kubwa na spika mbili. Watoto waliingia mchana, wanaume na vijana usiku. Msichana wa miaka ishirini hakuzuiwa na mtu kuingia usiku, lakini kila mtu angejua kesho yake kwamba aliingia. Mimi nilikuwa nje, hatua kumi hivi kutoka mlangoni, nikimsaidia bibi kukaanga mihogo. Filamu nyingi za 2018 nilizisikiliza nikiwa nageuza mihogo kwenye mafuta, na hatukuwa peke yetu. Wauza karanga, madereva wa bodaboda wanaosubiri abiria, kina mama wanaopita wakasimama kidogo, wote tulikuwa watazamaji wa upande wa pili wa bati.

Tuliweza kufuata hadithi kwa sababu ya mtafsiri. Filamu nyingi zilifika zikiwa tayari zimetafsiriwa na madijei wa Dar es Salaam, sauti zao zimepandishwa juu ya sauti ya waigizaji. Mkanda usiotafsiriwa ukifika, mwenye banda, ambaye sote tulimwita mjomba, alipunguza sauti ya filamu, akashika maiki na kuusema mwenyewe. Alieleza nani ni steringi, nani ni adui, gari lile linakwenda wapi, na kwa nini mwanamke yule analia. Alichanganya Kiswahili na Kimakua, akawatania waliokaa benchi la mbele kwa majina yao. Ukiwa nje ulijua hadithi yote, na ulijua pia nani kasinzia.

Kazi hiyo ina ukoo mrefu. Katika miaka ya 1990 na 2000 jina kubwa nchini lilikuwa la Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, ambaye kanda zake za filamu za Kichina, Kihindi na Kimarekani zilisambaa mabandani. Lakini hata yeye hakuwa wa kwanza. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waigizaji hawakusikika wakizungumza. Maelezo yaliwekwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, na santuri ikachezwa sambamba na picha. Tangu siku zile, filamu ilikuwa picha ya mtu mmoja na sauti ya mwingine.

Moja ya filamu hizo ilihusu benki ya akiba ya posta. Wafanyakazi wawili wanapokea mshahara. Mmoja anazika fedha zake ardhini ndani ya nyumba, mwizi anamwona na kuzichukua. Mwingine anaweka benki na anafanikiwa. Nilipomsimulia bibi habari za filamu hiyo alicheka sana, akaniambia kwamba yeye aliyetengeneza hakujua kuzika. Bibi alikuwa na kopo lake. Alikuwa pia na akaunti ya benki, kwa kuwa tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze, fedha za korosho za mkulima hupitia chama cha msingi na kuishia benki. Lakini kopo hakuliacha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili yalikuja magari ya sinema ya serikali, na baada ya Uhuru yakaendelea. Bibi analikumbuka moja la utotoni mwake: shuka jeupe, jenereta, na mtu aliyesimama pembeni akieleza. Nilimuuliza filamu ilihusu nini. Hakumbuki. Sauti ya yule mtu anaikumbuka, na anaweza hadi leo kuigiza alivyokuwa akivuta maneno. Mwaka 1968 serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, na katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ikatoa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya kuhamasisha ujamaa vijijini. Kila kipindi kilikuwa na jambo lake la kumwambia mkulima, kuanzia kuweka akiba na kuzuia safura hadi kuhamia kijijini. Filamu iliyouliza mkulima mwenyewe angependa kuona nini ilichelewa sana kuja, na ilipokuja ilikuwa kanda ya kukodi, kwenye banda la mabati.

Sasa orodha yangu. Naanza na iliyokatisha tamaa.

Hakuna filamu iliyosubiriwa kwetu mwaka ule kama Race 3 ya Salman Khan. Kusini tunapenda filamu za Kihindi kwa uaminifu ambao vijana wa Dar hutucheka. Ilitoka India Juni 15, siku za Idi, lakini Kombe la Dunia lilikuwa limeanza siku moja kabla, na kwa mwezi mzima, hadi Ufaransa ilipoifunga Croatia 4 kwa 2 Julai 15, banda halikuonesha filamu yoyote usiku. Kiingilio cha mpira kilikuwa shilingi 500, cha filamu 300, na mjomba alijua hesabu. Race 3 ikaoneshwa Agosti. Nje tulisikia risasi, magari, muziki, tena risasi. Kisha mjomba akaanza kunyamaza. Mtafsiri akinyamaza ni dalili mbaya kuliko makala yoyote ya mhakiki. Familia moja inasalitiana, kila mmoja anamgeuka mwenzake, na baada ya kila mgeuko anatokea mwingine wa kuueleza ule wa kwanza. Katikati ya filamu alisema kwenye maiki, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Jamani, hata mimi sasa sijui nani ndugu wa nani." Lilikuwa cheko kubwa kuliko yote ya usiku ule, na filamu haikuhusika nalo kwa lolote.

Filamu iliyotuumiza, kwa maana nzuri, ilikuwa Avengers: Infinity War. Kila mtu aliyekulia kwenye banda anajua sheria moja: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi, kuzama, kuanguka kutoka ghorofani, lakini mwisho atasimama. Filamu hii ilivunja sheria hiyo hadharani. Adui anapiga vidole, nusu ya viumbe vyote wanageuka vumbi, na masteringi wanapukutika mmoja mmoja. Mjomba alizitaja picha zile moja baada ya nyingine, kila aliyepotea akimtaja kwa jina, kama mtu anayesoma majina msibani. Ndani palikuwa kimya. Bibi aliacha kupepea moto. "Steringi kafa?" akauliza. Nikamwambia wamekufa wengi. "Na adui?" Nikamwambia amekaa anatazama jua. Akatafakari kidogo, akasema basi hiyo ndiyo ya kweli. Wiki nzima vijana walibishana kama mkanda ulikuwa umekatwa, kwa sababu haikuwaingia akilini kwamba mtu alitengeneza filamu iishe vile kwa kusudi.

Filamu kubwa ya mwaka, kwetu kama kwingine, ilikuwa Black Panther. Ilitoka Februari 2018, na siku chache kabla ya kuanza kuoneshwa Marekani ilizinduliwa Kisumu, nyumbani kwa ukoo wa Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake wakuu. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Mengi yameandikwa juu ya Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika iliyoficha madini yake ya ajabu dunia isiyaone. Hakuna aliyeandika juu ya Wakanda ya Lukuledi, ambayo niliisikia mara mbili mwaka ule, na ilikuwa tofauti.

Katika filamu watu wa Wakanda huzungumza Kiingereza na Kixhosa. Kixhosa kiliingia kwa sababu ndiyo lugha ya John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyemwigiza mfalme mzee, ambaye alikitumia tangu filamu ya mwaka 2016. Kwenye banda letu walizungumza Kiswahili cha Masasi. Wakanda yenyewe mjomba aliipandisha juu ya uwanda wa Wamakonde: ukitoka bondeni unapanda na kona zake kama unakwenda Newala, ukifika juu unaiona. Walipofika mahali pa kubishana kama madini yabaki nyumbani au yatoke kusaidia walimwengu, mjomba hakutafsiri madini kuwa madini. Alisema gesi.

Kulikuwa na kicheko, kisha ukimya mfupi. Kila mtu pale aliyakumbuka maandamano ya mwaka 2013, Mtwara na Masasi, watu walipopinga bomba la kupeleka gesi asilia Dar es Salaam, na kila mtu alizikumbuka nyumba na ofisi zilizochomwa na watu waliokufa. Mjomba hakuongeza neno. Aliendelea na filamu. Lakini kuanzia hapo ugomvi wa mfalme T'Challa na binamu yake Killmonger, aliyekulia ughaibuni na kurudi kudai kiti, ulikuwa ugomvi wa kwetu. Waliokaa nyuma walimshangilia Killmonger kwa sauti. Hadithi iliyoandikwa kwa ajili ya machungu ya Wamarekani weusi ilikuwa imepata machungu mengine ya kusimamia.

Bibi alikuwa na pingamizi lake, na sijalisoma kwa mhakiki yeyote. Kwetu Wamakua, kama Wayao na Wamakonde, ukoo hufuata upande wa mama, na anayerithi nafasi ya mtu ni mtoto wa dada yake. Wakanda, baba anamwachia mwanawe, na anayedai haki ni mtoto wa kaka wa mfalme. Bibi alisikiliza mabishano yote yale, akanigeukia. "Huyo mfalme mzee hakuwa na dada?" Nikamwambia hatajwi. "Basi wote wawili hawana haki," akasema, akarudi kwenye mihogo. Kwake yeye filamu nzima ilikuwa shauri ambalo mrithi halali hakuitwa barazani.

Mwaka uliofuata, nikiwa chuo, niliiona Black Panther kwenye kompyuta ya rafiki, picha safi, sauti za waigizaji wenyewe. Ni filamu nzuri, imepambwa vizuri, na Killmonger ni adui mwenye hoja. Hata hivyo ilikuwa finyu kuliko niliyoisikia. Gesi haikuwemo, wala Newala. Ndipo nilipoelewa kwamba filamu niliyoipenda mwaka 2018 ilikuwa na watunzi wawili, na jina la mmoja haliko popote.

Filamu za Kiswahili zilikuwa wapi mwaka huo? Bandani zilikuwepo za zamani. Steven Kanumba alikuwa amefariki tangu Aprili 7, 2012, lakini mwaka 2018 bado alikuwa akioneshwa mchana, watoto waliozaliwa akikaribia kufa wakijua maneno yake kwa moyo. Filamu mpya zilikuwepo nchini, zingine nzuri kabisa. Mwaka huohuo wa 2018 zilitoka mbili zilizoongozwa na Jordan Riber: Bahasha, juu ya mtumishi wa umma aliyepokea rushwa na yanayoifika familia yake, na Fatuma, juu ya mwanamke mkulima anayeelemewa na kazi za shamba na za nyumba. Niliziona baadaye, Dar es Salaam. Fatuma ni filamu tulivu, mikono ya mwanamke ikiwa kazini muda wote, na ningependa bibi aione. Nilipokuwa nyumbani haikufika bandani kwetu. Filamu ya Mumbai ilitufikia miezi miwili baada ya kutoka, na filamu juu ya mkulima wa Tanzania, kwa Kiswahili, isiyohitaji mtafsiri, hatukuisikia hata jina. Hilo naliweka juu ya Race 3 katika orodha ya yaliyokatisha tamaa.

Kenya nayo ilikuwa na mwaka wake. Rafiki ya Wanuri Kahiu, juu ya mapenzi ya wasichana wawili, ilichaguliwa Cannes na kupigwa marufuku nyumbani Aprili 2018. Septemba mahakama ikairuhusu kwa siku saba, na watu wa Nairobi wakapanga foleni. Mwaka huohuo ilitoka Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyooneshwa kwanza Berlin mwezi Februari, na baadaye ndiyo iliyopelekwa kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar. Hii ndiyo filamu bora ya mwaka kwangu. Jo ni mtoto wa kike anayeugua ugonjwa usiopona, mpenzi wa filamu za mapigano, na ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Kijiji kizima kinakubaliana kumfanya aamini anazo, kisha kinatengeneza filamu na kumweka yeye katikati. Kuna kijana anayeonesha filamu kijijini na kuzisemea kwa mdomo wake, na watu wamesongamana mbele ya picha. Nilipomwona nilimtambua. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nikitazama filamu ambayo ndani yake lilikuwemo banda. Filamu hiyo nayo inaivunja sheria ya steringi, lakini haikuachi na vumbi. Inakuachia watu waliokubali kusema uongo mmoja mzuri kwa pamoja, ambayo ndiyo kazi ya sinema.

Banda lenyewe halikumaliza mwaka vizuri. Oktoba 2018 minada ilipoanza, wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei walizopewa, ambazo hazikufika hata shilingi 3,000, wakati mwaka uliotangulia walipata zaidi ya 4,000. Novemba 12 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 na jeshi litazisomba. Bei ilipokewa kwa shangwe. Kisha ukaja uhakiki: waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walikaguliwa mashamba yao, ili kuwabaini walionunua kwa kangomba. Malipo ya wengi yakasubiri. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, nikapata habari kwa simu. Mjomba alishusha kiingilio hadi shilingi 200, kisha akafungua daftari la madeni, kisha akaonesha mpira tu. Mwaka 2019 aliiuza televisheni kubwa na akanunua pikipiki kwa kuongezea deni. Miezi ambayo kwa kawaida ililisha banda mwaka mzima ilikuwa imepita bila fedha.

Kati ya filamu zile 35 za Vugiri chache tu zimebaki. Majina yake yamebaki, kwa sababu Notcutt na Latham waliandika kitabu mwaka 1937. Nasoma kitabu hicho na kujua filamu ya posta ilihusu nini, lakini siwezi kujua watu waliokaa gizani walijibu nini, walicheka wapi, na bibi gani aliuliza mbona hakuna aliyechimba kwa kina zaidi. Black Panther haitapotea kamwe. Ile ya gesi na Newala, ambayo watu mia kadhaa wa Lukuledi waliichukulia kuwa ndiyo Black Panther yenyewe, haikurekodiwa na mtu.

Mjomba anaendesha bodaboda hadi leo kati ya Lukuledi na Masasi. Likizo iliyopita alinipeleka mjini, na njiani, upepo ukipiga, alinisimulia filamu aliyoiona kwenye simu yake. Aliisema kwa sauti ileile, steringi huyu, adui yule. Nilitoa simu yangu mfukoni, nikaiweka karibu na bega lake, nikabonyeza kurekodi. Upepo umefunika maneno mengi, lakini dakika nne za katikati zinasikika vizuri.